Tunda Lililozikwa Sindo

Sakafu ya hoteli ya Mirumbe ilikuwa na alama za maji, ingawa Sirari haikuwa imeonja mvua tangu watu wapande. Edith aliziona alipoketi na wifi yake, Liz. Walikuwa wametoka Sindo na kuvuka mpaka pale Isebania ili kuuliza tena habari za Joash, mume wa Edith. Mwaka wa 1995 mawimbi yaliurudisha mtumbwi wake bila mtu.

Ukoo ulitaka Joash afanyiwe wanavyofanyiwa waliopotelea ziwani: tunda la yago, refu kama mkono, lizikwe kwenye jeneza mahali pa mwili. Edith alikataa.

"Mume wangu yuko huko Tanzania," aliwaambia. "Sitazika tunda."

Samaki aliletwa. Kabla Edith hajanawa, fisi-maji alipanda kwenye benchi, manyoya yakichuruzika, akinuka matope ya ziwa lililokuwa mbali na pale. Akala mkia. Kisha akakisukuma kichwa cha samaki kwa pua hadi mbele ya Edith. Hivyo ndivyo Joash alivyomwachia kichwa kila walipokula.

"Kula basi," Edith akanong'ona. "Kula, Baba Helen."

"Mama, usilikaribishe!" Mirumbe alishika fagio. "Hilo jini la maji. Litakufuata mpaka kwako."

"Wacha fagio," Liz akasema huku akilia. "Ni ndugu yangu. Hana kaburi."

Fisi-maji akatoka mlangoni. Lakini huko Sindo, kila Edith alipopakua ugali wa mchana, kuta zilitoa jasho, na harufu ya matope ikaingia jikoni, ikaingia kitandani, ikaingia kwenye nywele za binti yake Helen, hata mtoto akaanza kukohoa maji na kusema kwamba baba anamwita ufuoni, anamwambia aje peke yake, aje bila viatu, mama asijue.

Edith akakubali tunda.

Edinah, mganga kutoka Magunga, alilivika shati la Joash. "Mama Helen, wewe ndiye utatupa udongo wa kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Litakuambia kile unachotaka sana kusikia. Ukijibu, mtoto ataenda nalo."

Jeneza liliposhushwa, kitu kilibisha polepole chini ya kifuniko.

"Edith." Ilikuwa sauti ya Joash, na uchovu wake wa kutoka kuvua. "Siko humu. Niko Musoma, nimevunjika mguu. Nimekungoja sana. Usinizike."

Edith alimtazama Liz. Liz hakuwa amesikia kitu. Alikuwa akimpangusa Helen kamasi.

Edith akaziba mdomo kwa mkono mmoja. Kwa ule mwingine akatupa udongo.

Helen hakukohoa tena. Edith naye hajathubutu kwenda Musoma kuuliza.