Mkorofi wa Ukutani

Katika nyumba ya mshonaji, fyuzi ya umeme ilikuwa na jina. Iliitwa Mkorofi. Mshonaji akichomeka pasi huku jokofu linanguruma na cherehani inazunguka, pap! Mkorofi anakata umeme.

"Mkorofi kashaanza!" mama mkwe husema. Mume wa mshonaji, ambaye ni seremala, hupanda kitini kubadilisha fyuzi huku akinung'unika.

Kisha Mkorofi akatulia miezi miwili mizima. Mshonaji akashona sare za shule bila bughudha, akafurahi, asiulize kwa nini.

Asubuhi moja alikuwa uani akianua nguo alipoona moshi dirishani. Ndani, kochi lilikuwa linawaka. Mama mkwe alishaikimbilia ndoo ya maji.

"Mama, usimwage! Huo moto wa umeme, maji yatakuua!"

Mshonaji alizima swichi kuu mlangoni, akamvuta mama mkwe nje, akapiga simu zimamoto. Walifika upesi. Kochi, pazia na sare kumi na mbili viliteketea, lakini watu walikuwa salama.

"Ni shoti hiyo," majirani walisema.

Mama mkwe hakukubali. "Shoti gani? Ni pasi. Umeisahau, mwanangu. Kushona humu ndani sasa basi!"

Mume aliangalia chini. Mshonaji alijiuliza. Je, aliichomoa ile pasi? Hakukumbuka. Na kama si kushona, angefanya kazi gani?

Alasiri akaja afisa wa zimamoto, mwanamke mfupi mwenye tochi na maneno ya utani.

"Ni shoti tu, afisa," seremala aliharakisha kusema.

"Shemeji, shoti hapiti njiani akaamua kuingia. Kuna aliyemfungulia mlango. Tumtafute."

Aliinua pasi. Meza chini yake haikuwa na alama ya moto. Plagi ilikuwa imelala pembeni, imechomolewa. "Pasi haina kosa," alisema.

Mshonaji alikaa chini, machozi yakamtoka. Moyo wake ulitua.

Afisa alimulika nyuma ya kochi. Hapo ndipo sakafu ilipoungua kuliko kwingine kote. Akafunua zulia. Waya wa ekstensheni ulikuwa umeyeyuka.

"Moto ulianzia hapa. Waya huu uliwahi kukatika?"

"Ulikatika. Nikauunga," seremala alijibu.

"Uliunga kwa kitu gani?"

"Selotepu."

"Ile ya kufungia vifurushi?"

"Hiyohiyo."

Afisa alitikisa kichwa. "Jokofu, pasi na cherehani, vyote kwenye waya mmoja mwembamba! Waya ukizidiwa mzigo hupata joto. Pale ulipoungwa vibaya, joto huzidi, waya ukaharibika kidogo kidogo hadi jokofu peke yake likatosha kuuwasha. Na chini ya zulia joto halina pa kutokea. Lakini fyuzi ilipaswa kukata mapema."

Alipanda kitini, akafungua fyuzi. Ndani mlikuwa na kipande kinene cha waya wa kawaida, badala ya waya mwembamba wa fyuzi.

"Nani kaweka hiki?"

Seremala alijikuna kisogo. "Mimi. Alikuwa anatusumbua, nikamnyamazisha."

"Ulimziba mlinzi mdomo, shemeji. Kila alipokata alikuwa anawaambia: punguzeni mzigo."

Seremala alimgeukia mkewe. "Nilijua, nikakuacha ulaumiwe. Nisamehe, mke wangu."

"Na mimi nimekuonea," mama mkwe alisema. "Shona, mwanangu. Shona hata sebule ijae nguo."

Wiki hiyohiyo waliita fundi umeme mwenye leseni. Aliweka fyuzi ya kiwango sahihi. Jokofu likapata soketi yake ukutani. Ekstensheni ikatupwa, na hakuna waya uliopita tena chini ya zulia. Mshonaji naye akajizoeza kuchomoa pasi kila anapotoka chumbani.

Mwezi uliofuata, mshonaji alikuwa akinyoosha sare mpya. Mama mkwe akachomeka birika la umeme kwenye soketi ileile ya pasi.

Pap!

Taa ya pasi ikazimika. Jokofu likanyamaza. Wote watatu wakatazama ukutani.

Seremala alizima swichi kuu, akachukua kiti na fyuzi mpya. Lakini kabla ya kupanda aliuliza, "Kwanza, nani kachomeka nini?"

Mama mkwe alichomoa birika polepole, akacheka hadi akashika mbavu.

"Ni mimi," alisema. "Mkorofi, asante baba. Endelea hivyohivyo kutukoromea."