Chekeche ya Bi Hadia

Asubuhi katika nyumba ya Bi Hadia, pale Siyu, kisiwani Pate, ilianza kwa sauti ya mchi. Alitwanga mtama, akauchekecha, akarudisha chenga kinuni, kisha akachekecha tena. Hakuwa mtu wa haraka. Mkate wake wa mofa ulikuwa laini, hata wazee wasio na meno waliufurahia.

Lakini jiko lake lilivuja. Makuti yalikuwa yameoza. Mvua ikinyesha, ile mofa yake, yaani chungu kikubwa cha udongo cha kuokea mkate, ilizimika kwa matone. Na mwanawe, Fadhil, alikuwa fundi mwashi.

"Fundi wangu hodari," Bi Hadia alipenda kumtania. "Umeufunika mji mzima. Mimi umeniachia mwavuli."

Fadhil alicheka kwa haya. Akaahidi kwamba kabla ya masika atamjengea jiko la mawe.

Vifaa alivinunua kwa Bwana Wazir. Duka la Wazir liliuza simiti, misumari, vyuma na rangi, na wateja wake wakubwa walikuwa mafundi. Mafundi hao walikuwa wakaidi wa bei. Wazir akikataa kupunguza, walimwambia kwamba Faza, mji wa jirani, nako kuna maduka.

Simiti ilitoka Amu, kisiwa cha Lamu, kwa mashua. Kuingia Siyu, mashua hupita kwenye hori, mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko. Maji yakipwa, mashua hukaa topeni mpaka yajae tena. Safari ile mashua ya Wazir ilikwama, ikalala upande. Maji ya ngama, yale yanayojikusanya ndani, chini kabisa, yakaingia mifukoni. Siku chache baadaye mifuko ya chini ilikuwa migumu kama mawe.

Wazir hakuitupa. Aliwaambia mafundi kwamba mifuko ile ataitoa kwa bei ya chini, nao waiponde na kuichekecha kama ilivyo desturi. Hakuna aliyeshangaa. Wote walishafanya hivyo. Fadhil alichukua ya kazi mbili. Moja ilikuwa jiko la mama yake. Ya pili ilikuwa nyumba ya jirani, Bi Fahima, aliyetaka mlango mpya kwenye chumba wanacholala wajukuu wake.

Fadhil alianza kuponda mabonge kwa nyundo na kuyapitisha kwenye wavu wa dirisha. Mama yake alimtazama kidogo, akashindwa kuvumilia.

"Hapo unafukuza kuku, huchekechi," alimwambia. "Sogea."

Akaleta chekeche yake mwenyewe, ile ya unga. Akajifunga kitambaa puani, akakaa kitako. Huwaida, mke wa Fadhil, alitwanga kwenye kinu kikuukuu, na mama mkwe akachekecha. Chenga zilirudi kinuni. Mwisho simiti ikawa laini, ya kijivu, kama imetoka kiwandani juzi. Huwaida alisikitikia chekeche, maana matundu yalianza kuziba. Bi Hadia alisema atanunua nyingine. Jiko halipatikani kila siku.

Kwa simiti hiyo, kwenye kila kazi, Fadhil alimimina linta, ile boriti ya zege inayokaa juu ya mlango na kubeba ukuta. Akaiacha ikauke, akaondoa mbao zilizoishikilia, akapanga mawe juu yake. Kwa macho ilipendeza.

Mvua ya kwanza ilipokuja, Bi Hadia alisimama mlangoni mwa jiko lake jipya. Alikuwa akicheka, kwa sababu mofa haikuzimika. Ukuta ulikunywa maji, ukawa mzito. Linta ikakatika katikati. Mawe yakamwangukia.

Walimbeba kwa kitanda hadi pwani. Hospitali iko Amu. Njia ya kwenda gati ya upande wa pili wa kisiwa, penye kina, ilikuwa matope matupu, na mtu aliyevunjika vile hapandishwi pikipiki. Lakini maji yalikuwa yamekupwa, na mashua ilikuwa imekaa topeni, palepale ilipokaa ile ya simiti.

"Ndia haina maji," nahodha alisema kwa sauti ya chini, akiionyesha njia ya hori. "Tungoje."

Wakangoja. Fadhil alimkinga mama yake mvua kwa mwavuli.

"Fadhil," mama aliita. "Ile simiti, nilichekecha vizuri?"

"Vizuri, mama."

Bi Hadia akafumba macho, kama mtu aliyeridhika na kazi yake. Maji yalipoanza kuingia horini, alikuwa ameshatamka shahada na kwenda zake.

Matangani walikuja watu wengi. Miongoni mwao alikuwa Bi Jepchirchir, msimamizi wa ujenzi kutoka bara, aliyekuwa Siyu kwa kazi ya madarasa mapya. Alitoa pole, akakaa na wanawake. Alipokuwa akiondoka, alipita penye jiko lililoanguka. Akaokota kipande cha linta, akakifinya. Kilimomonyoka mkononi mwake.

Fadhil alimwona. Akamfuata, akamuuliza neno lililomla moyo tangu siku ile: je, mama alichekecha vibaya?

"Hapana, Bwana Fadhil," Jepchirchir alimjibu. "Hata angeichekecha ikawa kama poda, ingekuwa vilevile. Simiti inashika mara moja tu, ikikutana na maji. Hii ilishakutana nayo kwenye mashua. Mlichotwanga ni vumbi la jiwe."

Fadhil hakuelewa. Alisema kwamba kwa macho ilikuwa kama mpya. Huwaida alikuwa amesimama nyuma yao.

"Ni kama mkate," Huwaida alisema polepole. "Mkate uliokwisha kuiva, ukauke, uutwange, uuchekeche. Utaonekana unga. Lakini ukiukanda hautashikana tena."

Jepchirchir alisema kwamba ni hivyo hasa, na kwamba yeye hajapata kulieleza vizuri namna hiyo. Kisha akawaeleza namna ya kuijua simiti nzima. Ingiza mkono mfukoni: ukiisikia laini kama unga, ni nzima. Ukikuta kibonge, kifinye kwa vidole. Kikivunjika na kuwa unga, hakina neno. Kikigoma, mfuko huo usiujengee kitu.

Fadhil aliutazama mkono wake. Halafu akamkumbuka Bi Fahima, akaondoka bila kuaga.

Bi Fahima alimpokea kwa huruma. Alimwambia arudi nyumbani kwa wafiwa. Mlango wake ulikuwa mzima, ameshaupaka rangi ya kijani, na watoto wameuzoea.

"Bi Fahima," Fadhil alisema, "mlango huu na ule uliomuua mama imetoka kwenye chekeche moja."

Bi Fahima aligeuka. Alikwenda kuwatoa watoto na mikeka yao. Fadhil aliegemeza nguzo, akashusha mawe, akaigonga linta kwa nyundo. Ilitoka vipandevipande, kama mkate wa juzi.

Jioni Wazir alikuja, akasimama nje. Alisema mafundi ndio waliokuwa wakimwomba ile ya bei ya chini.

"Tuliomba," Fadhil alimjibu. "Nawe ukatupa. Sote tumemzika."

Wazir alilia. Kesho yake aliitoa mifuko yote migumu, akaipasua, akafukia nayo mashimo ya njia ya pwani, ili asije mtu akaichekecha. Sasa simiti yake husafiri juu ya mbao, mbali na maji ya ngama, imefunikwa turubai. Dukani ameiinua kutoka sakafuni na kuiweka mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia hutangulia kutoka. Bei imepanda kidogo. Mafundi wengine walinung'unika, na mmoja alihamia Faza. Waliobaki huingiza mkono mfukoni kabla ya kununua, na Wazir mwenyewe huwafungulia.

Fadhil aliujenga upya mlango wa Bi Fahima kwa simiti nzima, kisha jiko. Mvua kubwa za masika zikaja. Wajukuu wa Bi Fahima walilala pakavu, na linta haikuonyesha hata ufa.

Siku ya arobaini Huwaida aliwasha mofa katika jiko jipya, aoke mkate wa hitima. Chekeche ya Bi Hadia ilikuwa ukutani, matundu yake yameziba kwa simiti, haifai tena kwa unga. Aliazima ya jirani. Wazee walitafuna taratibu, wakishushia kwa chai.

"Umetoka mgumu," Huwaida alimwambia mumewe. "Mama angeurudisha unga kinuni."

Fadhil alimega kipande kingine, akakichovya kwenye chai, akangoja kilainike. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na moto haukuzimika.