Masikio Mapya ya Kiziwi

Giza lilikuwa linaanza kuingia Kiziwi alipotoka nyumbani kwenda kununua hedifoni.

Hakuwa kiziwi kweli. Jina hilo alipewa na wenzake wa timu ya gemu, kwa sababu kila mechi alikuwa akipigwa risasi ya kisogo. Adui anamjia kwa nyuma, buti zinalia kwenye vigae, wenzake wanapayuka, na yeye ametulia zake, anachungulia dirishani kama mtu anayesubiri wageni. Mara paa! Yuko chini. Hedifoni zake zilikuwa za spika mbili tu, moja imeshikizwa kwa selotepu, na sauti ya mbele na ya nyuma zilimfikia zimechanganyika kama uji. Kepteni alikuwa amechoka naye.

"Kanunue zenye sauti ya kuzunguka," alimwambia mchana ule. "Mchujo ni leo jioni. Ukija na hayo madude yako, nafasi yako nampa mwingine. Sitanii."

"Na huyo mzee wenu je?" mwingine akadakia. "Kila nikijibanza, anakohoa. Yuko timu gani yule?"

Timu nzima ilicheka. Kiziwi naye akacheka, tena kwa sauti.

Mzee mwenyewe alikuwa baba yake. Ujana wake wote alipasua mawe ya ujenzi, na vumbi la mawe lilimwingia kifuani likakataa kutoka. Alikuwa na kikohozi cha aina yake: viwili vifupi, kisha kimoja kirefu kinachoishia kwa mluzi, kama birika linaloepuliwa jikoni. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, karibu na dirisha, apate hewa. Meza ya kompyuta nayo ilikuwa sebuleni, hivyo mzee akawa analala nyuma kabisa ya kiti cha Kiziwi. Kompyuta yenyewe aliinunua huyohuyo mzee, enzi kifua kikiwa bado kinafanya kazi.

"Ukipita duka la dawa, mchukulie baba dawa yake, imekwisha," dada yake alimwambia bila kuinua macho kwenye cherehani. Dada ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba ile kwa kushona, na ndiye aliyekuwa akimgeuza mzee kitandani. "Usisahau."

"Siwezi kusahau, dada."

"Nenda salama, baba," mzee akamwambia mwanawe, kisha akakohoa. Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Duka la kwanza walimwonyesha hedifoni inayowaka kama harusi.

"Hii ina taa, kaka. Inabadilisha rangi yenyewe."

"Sauti ya nyuma je?"

"Taa ziko mpaka nyuma."

La pili hawakuwa wakiruhusu mteja ajaribu. La tatu lilikuwa linafungwa. Mtu wa fotokopi wa jengo la duka hilo, aliyekuwa anafunika mashine yake kwa kitambaa, akamwonea huruma. "Kama unataka za kusikia kweli, shuka chini ya ngazi. Kuna mama fundi pale. Hufungua akipata mteja."

Kiziwi akashuka.

Chumba kilikuwa chembamba. Kilinuka waya wa kulehemu, na chini ya harufu ile palikuwa na nyingine... harufu ya matandiko ya mgonjwa. Kiziwi aliijua vizuri. Ila hakutegemea kuikuta dukani.

Mama fundi alikuwa mtu mzima, amevaa aproni safi. Masikio yake yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa pamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinong'ona, kama aliye chumbani na mtoto aliyelala. "Wanakupiga wapi?"

"Kisogoni."

"Kaa."

Katikati ya chumba palikuwa na kiti kimoja cha mbao. Kiziwi akaanza kuuliza maswali ya mnunuzi anayejua mambo: hii ni ya waya au haina waya, sponji ni ya ngozi au kitambaa, maikrofoni inakunjwa? Mama fundi hakujibu hata moja. Alimfunga kitambaa machoni.

"Hapa mtu hanunui kwa macho," akanong'ona. "Ukisikia kitu, kioneshe kwa kidole kilipo."

Akamvalisha hedifoni nyeusi, nzito, yenye joto. Joto la kitu kilichotoka kuvaliwa sasa hivi.

Tone la maji likadondoka kulia. Kiziwi akaonesha kulia. Funguo zikaanguka kushoto, mbali kidogo. Akaonesha. Mdudu akatambaa juu ya karatasi mbele yake, na Kiziwi akasikia kila mguu wake. Akatabasamu mwenyewe gizani. Kepteni angenyamaza sasa!

Halafu kushoto ikaanza cherehani.

Ilikuwa inakwama kidogo, inaendelea, inakwama kidogo. Cherehani ya dada. Kulia likalia geti la nyumbani kwao, lile lenye bawaba iliyokosa mafuta. Mbele ikanguruma feni ya kompyuta yake.

Kidole cha Kiziwi kilibaki hewani.

Na nyuma... viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Mluzi.

Akajiambia ni rekodi. Watu wote wanakohoa. Cherehani zote ziko hivyo. Alijiambia haya upesi upesi, kama mtu anayefunga mlango kwa mgongo.

"Sauti inazunguka?" mama fundi akanong'ona.

"Inazunguka."

"Kuna yoyote inayokusumbua? Wachezaji hupenda niwatolee kelele, wabaki na nyayo tu. Upepo, mvua... wenyewe mnajua."

Hilo kila mchezaji hulifanya. Unazima muziki, unapunguza upepo, unabakiza buti za adui. Kiziwi alilifanya kila siku bila kufikiri.

"Ya nyuma," akasema.

"Ipi ya nyuma?"

"Hiyo... ya kukohoa."

Mkono baridi ukagusa kitufe karibu na sikio lake.

"Ni ya nani? Unamjua?"

Angeweza kusema. Alikuwa na neno lenyewe mdomoni, neno la kwanza kabisa alilojifunza kutamka. Lakini aliona aibu, na alikuwa anawahi mechi, na aliwakumbuka wenzake wakicheka.

"Simjui," akasema.

Ka.

Mama fundi akamfungua kitambaa. Alikuwa anatabasamu kwa upole, kama nesi aliyemaliza kuchoma sindano.

"Angekuwa mtu unayemjua, ningeipunguza tu," akanong'ona. "Kwa kuwa humjui, nimeitoa yote."

Bei ilikuwa ya kawaida kabisa. Kiziwi alilipa akapanda ngazi mbili mbili. Duka la dawa alilipita likiwa wazi, taa zinawaka, na hakulikumbuka hata kidogo.

Nyumbani alimkuta dada anakunja nguo za mteja, uso umechangamka kwa namna ambayo Kiziwi hakuiona mwezi mzima.

"Baba ametulia leo! Muda sasa hajakohoa. Dawa iko wapi?"

"Nimekuta pamefungwa."

"Basi kesho. Mimi napeleka nguo hizi hapo jirani, sikawii. Msikilize baba."

"Sawa, dada."

Geti likalia, dada akatoka. Kiziwi akageuka kumtazama mzee.

Mzee alikuwa anakohoa.

Kifua kilikuwa kinaruka, mishipa ya shingo imesimama, mdomo uko wazi kabisa. Na hakuna sauti iliyotoka. Hata pumzi. Alikuwa akigonga ukuta kwa kikombe chake cha chai, akigonga kwa nguvu, na ukuta haukulia. Alimtazama mwanawe kwa macho ya mtu anayeomba afunguliwe.

Kiziwi akapiga hatua moja kuelekea kitandani.

Kompyuta ikaita. "Kiziwi, uko wapi wewe? Tunaanza!"

Akasimama katikati ya sebule, baba upande huu, timu upande ule. Akasema moyoni kwamba dada hakawii. Akasema mzee amewahi kuwa na hali mbaya kuliko hii. Kisha akakaa, akavaa hedifoni, akampa baba yake mgongo.

Lo, alisikia! Alimsikia adui akibadilisha risasi ghorofa ya juu. Alimsikia mwingine akishusha pumzi nyuma ya pipa. Mmoja alimjia kisogoni kwa kunyata, na Kiziwi akageuka akamlaza kabla hajainua bunduki. Kepteni alipiga mayowe ya furaha. "Huyu ni nani leo? Na yule mzee je, mmempeleka wapi? Pametulia!"

"Ametulia," Kiziwi akajibu.

Kila upande ulikuwa umejaa sauti, isipokuwa nyuma. Nyuma palikuwa na tundu. Kimya kizito, chenye ukubwa wa mtu... na kimya hicho kilikuwa kinasogea.

Raundi ikaisha, skrini ikawa nyeusi. Ndani ya weusi ule Kiziwi akajiona mwenyewe, na nyuma yake akaiona sebule yote.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Mzee alikuwa sakafuni, anatambaa kwa viwiko. Stuli ya kando ya kitanda imeanguka, kikombe kimevunjika vipande, na mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mguu wa kiti. Ulikuwa umebakiza kidogo tu kufika.

Skrini ikawaka. Raundi ya mwisho.

*Hii moja tu,* Kiziwi akasema moyoni. *Hii moja, halafu nageuka.*

Na vidole vikamshika kifundo cha mguu.

Aliendelea kucheza. Hili lazima lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisema. Vidole vilikaza, vikatetemeka, vikakaza tena, na Kiziwi akawa anabofya, anageuza kipanya, anawasikia maadui mmoja mmoja na kuwaangusha. Baadaye vidole vililegea. Walishinda.

Dada ndiye aliyeufungua mkono wa mzee kwenye mguu ule. Alichutama pale muda mrefu, akitazama stuli, vipande vya kikombe, chai iliyomwagika hadi chini ya kiti.

"Vyote hivi vimeanguka nyuma ya mgongo wako," akasema. "Hukusikia?"

"Sikusikia, dada. Nakuapia."

Na kwa hilo hakudanganya.

Baada ya mazishi Kiziwi alibeba hedifoni akarudi kule chini ya ngazi. Mlango ulikuwa umefungwa. Aligonga hadi mtu wa fotokopi akashuka kumtazama.

"Akishamhudumia mtu hamfungulii tena," akasema, akarudi zake juu.

Ndani ya mlango ule, hafifu, mtu alikuwa anakohoa. Viwili vifupi. Kimoja kirefu. Kiziwi alikimbia mpaka nyumbani.

Dada hakuwa akizungumza naye. Alishona tu. Siku ya fainali, jioni, ndipo alipoisimamisha cherehani akauliza swali moja.

"Hicho kitu ulikinunua wapi?"

Kiziwi alikuwa amechoka kuibeba siri ile peke yake. Akamwaga yote: ngazi, kiti, kitambaa, mkono kwenye kifundo. Alilia kama mtoto. Dada alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Alikuuliza unamjua," akasema taratibu. "Nawe ukasema humjui."

"Niliona aibu, dada. Nisamehe."

Dada alisimama, akajitanda khanga, akachukua mkoba.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kutafuta namna ya kupata usingizi. Humu kuna kelele."

Geti likalia.

Kiziwi alibaki na sebule yenye kitanda kitupu nyuma yake. Hakutaka kuvaa hedifoni ile tena, lakini za zamani alikwishazitupa, na Kepteni alikuwa anaita, na kimya cha nyumba ile kilikuwa kibaya kuliko chochote. Akavaa.

Mechi ikaanza. Nyayo mbele. Nyayo kulia. Alikuwa hodari kama kawaida.

Kisha, katikati ya milio ya risasi, kiti cha mbao kikalia. Mtu amekikalia. Kitambaa kikafungwa fundo, na Kiziwi akasikia hata uzi wake unavyokaza.

"Sauti inazunguka?" ulikuwa mnong'ono.

"Inazunguka." Sauti ya mwanamke. Imechoka.

Kiziwi aliijua sauti ile.

"Kuna yoyote inayokusumbua?"

"Iko moja. Nyuma. Hii ya kubofyabofya."

"Dada!" Kiziwi alipiga kelele. "Dada, ni mimi! Dada!" Alitaka kuvua hedifoni. Ilikuwa ya joto, na ilimbana.

"Ni ya nani?" mama fundi akanong'ona. "Unamjua?"

Dada alikaa kimya. Kwa muda ule mdogo Kiziwi alikuwa na matumaini. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni. Huyu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Simjui," dada akasema.

Ka.

"Kiziwi?" Kepteni aliita. "Kiziwi, upo? Mbona umekata?"

Kiziwi alikuwa anamjibu kwa nguvu zake zote.

"Basi, ingizeni mwingine."

Hedifoni ikaachia yenyewe, ikaanguka mezani. Kitu kikavu kikamkwama kooni, kama vumbi, na alipojaribu kukitoa mwili mzima ukaruka. Mara mbili kwa ufupi, kisha mara moja kwa urefu. Akapiga ngumi meza. Akaangusha kiti, akaanguka nacho. Havikulia.

Geti likalia vizuri kabisa. Dada akaingia, pamba ikiwa masikioni. Alimpita pale sakafuni, akauruka mkono wake kama anayeruka dimbwi la maji, akaketi kwenye cherehani yake. Akatunga uzi kwenye sindano, akageukia ukutani, akaanza kushona.