Raba za Breki za Edinah

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Edinah alipeleka maziwa kwenye hoteli za Sindo kwa baiskeli ya baba yake, ile nyeusi yenye fremu nzito. Kwa hiyo mwaka wa 1996, shule ilipotangaza mashindano ya kuzunguka msitu wa Gwasi na kurudi kando ya ziwa, yeye ndiye aliyejiandikisha wa kwanza.

Siku ilipofika, Mwalimu Marcella alikagua kila baiskeli. Raba za breki za Edinah zilikuwa mpya. Fundi Abdikarim alizifunga jana yake. Tatizo ni kwamba zilikwaruza rimu, na baiskeli ikawa nzito.

"Hilo trekta litapanda mlima kweli?" Obare, mwanafunzi mwenzake, alimtania. "Usijali, tutakuwekea ugali wa jioni."

Mwalimu alipowapa kisogo, Edinah alijificha nyuma ya choo na spana ya baba, akafungua raba zote na kuzitia mfukoni. Watu wazima wangapi pale walisimamisha gurudumu kwa soli ya kandambili? Yeye angeshindwaje?

Kupanda kukawa rahisi. Msituni, penye kivuli na harufu ya majani mabichi, aliwapita wenzake mmoja mmoja hadi akabaki Obare peke yake mbele. Kisha miti ikaisha, ziwa likatokea chini, na njia ikaanza kuteremka.

Baiskeli ilishika kasi. Edinah akakandamiza kandambili juu ya tairi la nyuma. Ikanuka moshi, ukanda ukakatika, kandambili ikamtoka. Akajaribu kwa wayo mtupu, ukaungua. Kwenye kona, Obare alikuwa ameinama katikati ya njia akirudisha mnyororo.

"Toka njiani! Sina breki!"

Obare aliinua kichwa, lakini miguu ikagoma. Kushoto palikuwa na mwamba, kulia kichaka cha miiba. Edinah aliuma meno, akageuza usukani kulia.

Wenzake walipomtoa kichakani na kumrudisha shuleni, mkono ulikuwa umechubuka na gurudumu la mbele limepinda. Mwalimu Marcella aliikagua baiskeli, kisha akamgeukia Abdikarim, ambaye siku zote ndiye aliyetengeneza baiskeli za shule, na alikuwa hapo akirekebisha nyingine.

"Fundi, raba zote zimechomoka. Ulizifunga vipi?"

"Nilizikaza, mwalimu. Wallahi nilizikaza."

"Mtoto angekufa. Kuanzia leo usiguse baiskeli ya shule hii."

Fundi aliokota spana zake moja moja na kuzirudisha kisandukuni. Hakuna aliyekuwa amemwona Edinah kule nyuma ya choo. Angenyamaza tu, yangeisha. Fundi akafunga kisanduku, akainuka kuondoka.

"Mwalimu," Edinah alisema. "Nilizitoa mimi, baada ya ukaguzi." Akazitoa mfukoni, akampa.

Mwalimu alimgeukia Abdikarim. "Fundi, nisamehe. Nimekuhukumu kabla ya kuuliza."

"Yamekwisha, mwalimu." Abdikarim alipiga magoti kando ya Edinah. "Binti, ungerudi kwangu ningezilegeza kidogo tu. Dakika mbili."

Edinah alilia kimyakimya. Mwalimu Marcella akamshika bega.

"Umecheza na uhai wako na wa mwenzako, na mimi umenidanganya. Kwa hayo, hutashindana mwaka ujao. Lakini kosa lako lilikuwa linamwangukia mtu asiye na hatia, nawe ukalichukua mwenyewe. Kosa likifichwa, hulipiwa na mwingine. Sasa nyosha mguu, tukuoshe huo wayo."