Kisahani Kikaidi

Kila alfajiri mapangaboi mia mbili ya Makambako yaliongezwa kasi kwa pamoja. Kwanza ulisikika mguno mzito chini ya ardhi, kama ng'ombe anayejiinua. Kisha nyasi za mteremkoni zikalala zote upande mmoja, na hapo ukuta ukakaza zaidi. Ukuta wenyewe usingeuona. Ulikuwa wa upepo mtupu, umekizunguka kilima kizima, na mtu akiusogelea alihisi kiganja kipana kinamsukuma kifuani, kinamwambia rudi ulikotoka.

Upepo huo haukuvuma kwa kujifurahisha. Miaka kumi na moja nyuma, kuvu ya mapafu iliingia mjini ikaota kila mahali, darini, kwenye magunia ya mahindi, hata kwenye nywele za watu. Wenye mapafu magumu waliizoea. Wenye mapafu mepesi walipandishwa kilimani, kwenye Kituo cha Hewa Safi, na mapangaboi ya zamani ya kufua umeme yakageuzwa yavumishe hewa iliyochujwa kutoka ndani kwenda nje, mchana na usiku, ili hata chembe moja ya kuvu isipande kwao. Aliyebuni haya yote hakuwa mtu. Ilikuwa akili ya mashine, na watu waliiita Mpimaji.

Sikitu Mwakalinga aliufahamu upepo ule kuliko wengi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa mapangaboi, kazi yake kunoa na kusawazisha mabawa, mpaka mashine zilipojifunza kunoana zenyewe na yeye akaambiwa pumzika, mama. Binti yake wa pekee, Twilumba, alikuwa kule juu mwaka wa tatu sasa.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi wagonjwa walitolewa bustanini, na ndugu zao wakaruhusiwa kusimama kwenye mstari mweupe, hatua hamsini chini yao. Kuongea haikuwezekana, maana upepo ulilimeza neno likiwa bado mdomoni. Watu walipungiana mikono. Walisoma pia namba. Kila mgonjwa alivaa kifuani kipimapumzi, kidude cha duara chenye namba kubwa nyekundu, na namba hiyo ndiyo ilikuwa pumzi iliyobaki katika mia. Mpimaji aliamua kwamba anayeshuka chini ya arobaini asipewe tena dawa, kwa sababu dawa ni chache na wenye namba kubwa ndio wanaofaidika nayo. Hakukuwa na hasira ndani yake wala upendeleo. Ilikuwa hesabu tu.

Jumamosi hiyo kifua cha Twilumba kiliandika thelathini na nane.

Sikitu aliitazama ile namba mpaka macho yakamtoka machozi ya upepo. Kisha akateremka, hakwenda nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya zamani, alikoishi mzee Nolasko Mgaya, fundi mwenzake wa siku nyingi.

"Kamwene, Mama Twilumba. Umekuja kunisalimia au kuniibia?"

"Kamwene, baba. Nimekuja kuiba."

"Afadhali mwizi mkweli. Unaiba nini?"

"Kisahani. Kimoja tu. Kiende pale ninaposema mimi, si pale upepo unaposema."

Nolasko alicheka mpaka akashika meza. Visahani ulikuwa mchezo wao mafundi. Saa ya chakula walitundika makapu ya minyororo kwenye miti, wakatupa visahani vya plastiki kutoka mbali, na anayetumbukiza kwa mitupo michache ndiye bingwa. Sikitu alikuwa bingwa miaka minne mfululizo, na Nolasko hajamsamehe mpaka leo.

"Unataka kurudi uwanjani na magoti hayo?"

"Nataka kuvuka ukuta."

Kicheko kikakatika. Sikitu akafungua fundo la khanga, akaweka mezani vidonge kumi na viwili, bapa, rangi ya majivu. Nolasko alivijua. Kila fundi mstaafu alipewa kimoja kila baada ya siku tatu, kinga ya yale waliyovuta kifuani kazini. Dawa ilikuwa ileile wanayopewa wa kilimani. Kumi na viwili ni dozi nzima. Pungufu ya hapo ni kumchezea mtu.

"Hivi ungevimeza wewe."

"Sijaumwa."

"Na hicho kikohozi?"

"Kikohozi ni cha zamani, tumezoeana." Akavifunga tena. "Nilianza kuweka alipofika arobaini na tisa. Jana kimetimia cha kumi na mbili. Dawa haimfai mtu akishuka chini ya thelathini, na yeye anashuka mbili au tatu kila wiki. Nikianza kukusanya upya, sitamkuta. Wale walinzi-chuma wa bustanini wanatafuta vitu vyenye umeme au joto. Ndege-mashine wataidungua, mtu watamzuia. Plastiki baridi hawaijali."

Nolasko akaburuta mfuko wake wa visahani kutoka uvunguni.

"Haya, kaa. Umetupa miaka yote kwa kipaji, leo utatupa kwa akili." Akainua kimoja chembamba chenye ukingo mpana. "Huyu ni mkimbiaji. Anataka mkono wa mtu wa miaka ishirini. Ukimtupa wewe atakucheka." Akainua kingine, kinene, cha duara kama kifuniko cha sufuria. "Huyu ni wa kutulia, wa kutumbukiza ukiwa karibu. Kwenye upepo ni kama mgeni asiye na msimamo, akivutwa huku anakwenda, akivutwa kule anakwenda. Wewe unataka wa kati. Anafika, na akifika anakaa."

"Wa kati najua. Yupi?"

"Ndiyo hapo sasa. Wa kati wako wa aina mbili, watiifu na wakaidi. Mtiifu ukimtupa kwenye upepo wa usoni anageuza tumbo, anapotelea kulia. Mkaidi, upepo ukimsukuma kulia anakataa, anarudi kushoto. Kila mara, Mama Twilumba. Uaminifu wake ndio huo. Hakupendi, lakini hakudanganyi."

"Kama mama mkwe wangu."

"Mungu amrehemu."

"Amrehemu, lakini alikuwa mkaidi."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi cha watu wenye kazi mbele yao.

Kulia kwa bustani ya wagonjwa palikuwa na bwawa la dawa ya kuua kuvu, jeupe kama togwa, ambamo mashine ziliosha magurudumu kabla ya kuingia wodini. Chochote kinachoanguka humo huyeyuka. Kushoto palikuwa na nyasi na benchi alilopenda kukaa Twilumba. Kwa hiyo haja ya kisahani kikaidi haikuhitaji maelezo zaidi.

Nyuma ya karakana palikuwa na pangaboi moja kuukuu la kujaribia. Waliliwasha, wakalielekeza usoni kwa Sikitu, na chini ya kisahani chekundu cha Nolasko wakabandika punje kumi na mbili za mahindi kwa nta, zishike nafasi ya vidonge. Sikitu akatupa. Kisahani kilikwenda vizuri hatua ishirini, kikalegea, kikageuka kulia, kikagonga pipa.

"Hicho kilikuwa kikaidi zamani," alisema Sikitu.

"Tulipokuwa na meno yote. Kikigongwa kwenye miti miaka kumi na tano, ukaidi unakitoka. Mtu naye si ndivyo?"

Walijaribu vyote saba vya mfukoni. Vyote vilikuwa vimelainishwa na miaka, vikaenda kulia kama vimeitwa. Mwishowe Nolasko akaamsha mfinyanzi-chuma, ile mashine iliyofinyanga vipuri vya plastiki enzi za kazi, akaisomea vipimo vya kisahani cha kati kikaidi kuliko vyote alivyowahi kuvijua. Mashine ikakoroma nusu saa, ikatema kisahani cha kijivu, kizito, bado cha moto. Kwa chini, ukingoni, kilizungukwa na tuta jembamba kama uzi wa kushonea viatu.

Sikitu alikitupa mara kumi na mbili dhidi ya pangaboi. Mara kumi na mbili upepo ulikisukuma, kikatikisika, kikakataa, kikainama kushoto na kuketi mahali palepale, ndani ya duara ambalo ungeweza kulifunika kwa mkeka.

"Huyo," alisema Nolasko. "Usitafute mwingine."

Wiki nzima Sikitu alifanya mazoezi asubuhi na jioni mpaka bega likavimba. Kikohozi kilimzidi pia, akakikohoa khangani ili majirani wasisikie.

Ijumaa alasiri, jua likiwa bado juu ya paa, alikichemsha kisahani kwenye maji ya klorini asije akampelekea mwanawe kuvu kwa mkono wake mwenyewe. Akakikausha, akapanga vidonge tumboni mwa kisahani, akavifunika kwa nta safi. Alipokuwa anapapasa kuona kama nta imeshika, lile tuta la ukingoni likamchana kidole. Damu ikatoka kidogo.

Akakumbuka mikono ya Twilumba. Wagonjwa wa kule juu ngozi zao zilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Wakishika karatasi vibaya wanavuja. Na mafundi wa mapangaboi walikuwa na mwiko mmoja wanaofundishwa kabla ya kufundishwa kushika spana: hupokezi mkono wa mwenzako kitu chenye makali. Kila kinachotoka kwako kimesuguliwa. Sikitu hakuwaza mara mbili, maana mambo ya namna hiyo mkono huyafanya bila kuuliza kichwa. Alichukua msasa, akakaa kizingitini, akasugua ukingo pole pole, akizungusha kisahani pajani kama mtu anayepepeta, mpaka tuta likaisha na ukingo ukawa laini kama shavu. Akakipangusa tena kwa klorini, akalala ameridhika.

Jumamosi saa nne walikuwa mstarini, yeye na Nolasko, ambaye alikuja na mfuko wake begani, visahani vyake navyo vimechemshwa kwa klorini, ili waonekane wazee wawili waliokuja kucheza. Wagonjwa walitolewa. Twilumba alikuja anatembea kwa vituo, akaketi kwenye benchi lake, akapunga. Thelathini na sita.

"Pumua kwanza," Nolasko alimwambia sikioni.

Sikitu akapumua. Akasogeza mguu, akazungusha kiuno, akaachia. Ulikuwa mtupo mzuri kuliko yote ya maisha yake. Kisahani kilipasua upepo kikiwa kimelala bapa, hakitikisiki, kikapita hatua ya kumi, ya ishirini, ya thelathini. Nolasko alikuwa ameshaanza kunyanyua ngumi.

Kisha kikageuza tumbo.

Hakikukataa. Upepo ulikisukuma kulia nacho kikaitikia kama mtoto mwenye adabu, kikapaa, kikapita juu ya ua, kikateremka katikati ya bwawa jeupe. Maji yaliruka kidogo, kama mtu ametema mate.

Sikitu alijua kabla hakijagusa maji. Kwa miaka ishirini na sita aliwafundisha wengine kwamba ukiondoa uzi mmoja kwenye ukingo wa bawa, umebadilisha upepo wote.

"Umekifanya nini?" Nolasko alimpigia kelele sikioni.

"Nilikisugua. Kilikuwa na makali."

Mzee akaangalia viganja vyake mwenyewe. "Hata mimi ningekisugua," alisema, na upepo ukayachukua maneno hayo, lakini Sikitu aliyasoma midomoni.

Mlinzi-chuma alijongea mpaka kando ya bwawa, akainamisha jicho lake moja juu ya maji. Maandishi yakapita kwenye kifua chake cha kioo, makubwa, ili watu wote wasome: KITU BARIDI. HAKINA UMEME. HAKUNA HATARI. Akageuka akaenda zake.

Kule juu Twilumba alikuwa amesimama. Alikuwa anapiga makofi. Tangu utoto alimwona mama yake akitupa visahani, na kwa miaka mitatu hakuwa ameona mchezo wowote zaidi ya nyasi na mashine. Hakujua kilichokuwa tumboni mwa kile kilichozama. Mama yake hangeweza kumwambia, macho ya Mpimaji husoma mikono pia. Aliona tu kwamba mama amekuja kumchezea. Alizungusha kidole hewani, akazungusha tena. Tena, mama. Tupa tena.

Sikitu hakusogea.

"Anakuita," alisema Nolasko. Akapiga magoti, akafungua mfuko, akamwekea mkononi kile chekundu, kitupu, kilicholainishwa na miaka.

Alikitupa. Kikaingia bwawani. Twilumba akashika kichwa, akacheka mpaka akainama, mkono mmoja kwenye benchi. Sikitu akapokea kingine, akatupa, kikazama, na mwanawe akamzomea kwa mikono yote miwili kama walivyokuwa wakimzomea Nolasko enzi zile. Vinne vilizama. Cha tano, upepo ulikuwa na shauri lake, kikapeperuka juu, kikasahaulika, kikaja kuanguka kwenye nyasi karibu na miguu ya Twilumba.

Binti alikiokota. Alikipangusa kwa gauni la wodi, akakigeuza, akaona plastiki tupu, akatabasamu. Kisha akajiweka sawa vile alivyofundishwa na mama yake, mguu mbele, kiuno, mkono, akakirusha kuwarudishia, upepo wote wa kilima ukiwa mgongoni mwake.

Kilianguka hatua tatu mbele yake. Kifuani namba ilipepesa, ikasimama kwenye thelathini na tano. Akakaa kwanza, akapumua muda mrefu, kisha akaenda akakiokota, akasimama kurusha tena. Huku chini Sikitu alikuwa amekwishainua mikono yote miwili kudaka.