Ua wa Mbuzi na Ua wa Macho

Kila asubuhi, kabla Sylvester hajatoka nje kunawa uso, alisimama kwanza nyuma ya mlango akasikiliza. Akisikia ufagio kiwanja cha pili, alirudi kuketi kitandani. Akisikia kimya, alitoka haraka, akanawa, akachukua jembe lake na kuondoka.

Kiwanja cha pili, mkwe wake Josepha alifanya vivyo hivyo. Alisimama nyuma ya mlango akasikiliza. Akisikia Sylvester anakohoa, hakutoka. Siku nyingine wote wawili walisimama hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake aondoke, huku jua linapanda na shamba linawangoja wote.

Hawakuwa na ugomvi. Hiyo ilikuwa heshima. Kwa Wanyamwezi wale, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Hamwoni akila wala akioga. Akimwona njiani, anapisha na kuingia majanini. Josepha alimpenda sana mume wa binti yake, na Sylvester alimpenda sana mkwe wake. Ndiyo maana walikimbiana.

Zamani jambo hili halikuwa na taabu. Nyumba ya Josepha ilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba ya mtama. Kisha ukaja mwaka wa sabini na nne. Watu wa upande wa Usinge waliambiwa wahamie pamoja karibu na barabara, wapate kisima, shule na zahanati. Viwanja vilipimwa kwa kamba, kimoja baada ya kingine, vyote sawasawa. Veneranda, mke wa Sylvester, alikuwa na mtoto mchanga, Kasimiri. Aliomba mama yake mjane apewe kiwanja cha jirani ili amsaidie kulea. Wapimaji wakakubali. Walipima vizuri, lakini hakuna aliyekumbuka kwamba mkwe anahitaji kujisitiri.

Josepha akaishi kama mfungwa. Alipikia ndani, na moshi ukamwingia machoni mpaka yakawa mekundu. Alioga giza likishaingia. Mwishowe akamwita binti yake.

"Veneranda, mimi nitarudi mahame," alisema.

Mahame ni pale pa zamani, mahali walipopaacha walipohamia kijijini.

"Mayu, mama yangu, mahame hakuna mtu," Veneranda alijibu. "Hakuna maji. Fisi wanafika mpaka mlangoni."

"Fisi siwaonei haya," Josepha alisema. "Nitakula mbele yao bila wasiwasi."

Veneranda alirudi nyumbani analia. Alimwambia mumewe bila kuzungukazunguka, "Fanya jambo, Sylvester. Mama akienda kuishi kule peke yake, siku moja tutamkuta amekufa."

Sylvester aliogopa. Siku hiyo hiyo alianza kujenga ua kati ya viwanja viwili.

Mtama ulikuwa umevunwa, na mabua yalikuwa tele shambani. Aliyabeba, akayasimamisha kwenye mtaro, akayafunga kwa kamba za magome. Ua ukaonekana mzuri, mrefu kuliko yeye. Josepha alitoka nje mchana kwa mara ya kwanza. Veneranda aliwasikia mama yake na Kasimiri wakicheka, akafurahi sana.

Furaha hiyo haikudumu. Mbuzi wa jirani waliyagundua majani ya mabua. Mchwa nao waliyagundua mabua yenyewe, wakaanza kula kutoka chini. Sylvester aliona udongo mwekundu ukipanda kwenye mabua, akasema atashughulikia kesho.

Kisha upepo wa Agosti ukavuma. Ilikuwa mchana. Josepha alikuwa ameketi upande wake, anakula ugali kwa mlenda. Sylvester alikuwa upande wake, anachonga mpini wa jembe. Ua ukainama kidogo, halafu ukalala chini wote kwa pamoja.

Mkwe alikuwa na tonge mkononi, karibu na mdomo. Wakaangaliana. Josepha alijifunika kanga kichwani, akakimbilia ndani na kuacha ugali. Sylvester alikimbilia barabarani na kuacha mpini. Mbuzi wakaja kumaliza majani yaliyobaki.

Kwa aibu ile, Josepha hakutoka nje siku nyingi. Alianza kufunga vyombo vyake.

"Mwambie mama asubiri kidogo," Sylvester alimwomba mkewe. "Safari hii nitajenga ua wa miti. Upepo hautauweza."

Alikata miti michanga, kwa kuwa ndiyo myepesi kubeba. Hakuimenya magome, kwa kuwa alikuwa na haraka. Akaichimbia ardhini, mmoja karibu na mwingine, mikono ikatoka malengelenge. Kazi hiyo ilimchosha kuliko kulima. Mvua za kwanza zilipokaribia, aliegemea mti mmoja ili apumzike, na mti ukakatika. Akajaribu wa pili, nao ukakatika.

Alikuwa bado ameushika alipopita Bi Tatu na ndoo ya maji kichwani. Bi Tatu aliuza kwenye duka la kijiji pamoja na mumewe Mabruki. Alizaliwa Tabora mjini, na baba yake alikuwa fundi wa kujenga nyua za majumba. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, shemeji. Huo mti unaupeleka wapi?"

"Siupeleki popote. Umekatika."

Bi Tatu alitua ndoo, akauchukua ule mti, akauchungulia. Ndani ulikuwa mtupu, umejaa udongo.

"Umewaandalia mchwa karamu," alisema. "Mti mchanga ni laini, na wewe umewaachia na gome lake. Mti wa kuchimbia ardhini uwe moyo wa mninga uliokomaa. Huo ni mzito, na unahitaji ruhusa ya bwana misitu."

"Basi nitaweka miiba, kama boma la ng'ombe."

"Na Kasimiri anayejifunza kutembea?"

Sylvester alifikiri. "Nina ndugu Kaliua. Anaweza kunipatia seng'enge."

"Seng'enge inazuia ng'ombe. Macho yanapita. Mkwe wako utamwona vizuri tu, ila amekatwa mistari." Bi Tatu alimtazama. "Hebu niambie. Unajenga ua wa mbuzi au ua wa macho?"

"Ua wa mkwe," Sylvester alijibu kwa unyonge.

Bi Tatu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka. "Mwenyewe umemwuliza anataka nini?"

"Nitamwulizaje, na mimi simsemeshi?"

"Una mke, na una jirani. Umejenga mara mbili bila kuuliza. Nitunzie maji yangu."

Aliingia kwa Josepha. Alikaa kitambo kirefu. Alipotoka alikuwa anajifuta machozi ya moshi.

"Sasa najua," alisema. "Mkwe wako hahitaji ua wa kiwanja kizima. Anataka kupika, kula na kuanika nguo bila kuonekana. Anataka pembe ya kuogea. Tena anataka uache mwanya mdogo karibu na barabara, mtoto apate kwenda na kurudi. Hiyo ni nusu ya kazi uliyofanya."

Sylvester aliketi juu ya miti yake iliyooza. Alijiona mjinga, na kweli alikuwa amejichosha bure.

"Ukitaka kujenga ua," Bi Tatu aliendelea, "jua kwanza unazuia nini. Halafu jua ni kitu gani kitakachouharibu. Hapa kwetu ni mchwa, mbuzi, upepo na moto. Na la tatu, kama jina langu, jua nani anaishi hapo. Penye mtoto huweki miiba. Sasa, kitu gani mchwa hawakili kikiwa hai, mbuzi hawakitaki, na kinakua chenyewe?"

"Minyaa," Sylvester alisema polepole. "Lakini minyaa naiogopa. Utomvu wake ni mbaya. Mjomba wangu ulimrukia jichoni, akakaa gizani siku nyingi."

"Unafanya vizuri kuiogopa. Lakini ukijua namna yake, inakufaa. Unapokata, jifunge kitambaa usoni na usimame upande upepo unakotoka. Usiguse macho mpaka unawe mikono kwa sabuni. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, kisha nenda zahanati, usingoje kesho. Matawi yake usiyatie jikoni, hata moshi wake unawasha. Na mtoto asiachwe kuyachezea. Kwa sababu hiyo, pembe ya kuogea usiizungushie minyaa. Pale jenga ukuta mfupi wa udongo, uufunike juu kwa nyasi ili mvua isiubomoe."

"Minyaa itachelewa kukua. Mama yuko njiani kuondoka."

"Wakati inakua, weka mabua. Lakini yafunge kwenye fito, yasiguse ardhi. Yakichakaa badilisha. Mabua ni ya kungojea, minyaa ni ya kukaa."

"Nitapata wapi minyaa ya kutosha?"

Bi Tatu alitabasamu. "Hilo nalo nimeambiwa. Mahame kwa Josepha kuna ua mzima wa minyaa. Aliupanda marehemu mume wake walipooana. Amesema ukate huo."

Sylvester alielewa kwa nini mkwe wake alitaka kurudi mahame. Hakuwa anafuata nyumba. Nyumba ilikwishaanguka; kilichobaki ni ua wa mumewe.

Kesho yake alichukua baiskeli akaenda. Ule ua wa zamani ulikuwa bado umesimama, mrefu na mnene, ukiwa umezunguka uwanja usio na mtu. Alijifunga kitambaa, akaangalia upepo, akakata matawi yenye urefu wa mkono. Utomvu mweupe ulimdondokea mkononi. Hakujipangusa usoni. Alinawa kwa sabuni aliyokuja nayo, kisha akaendelea.

Nyumbani aliyalaza matawi kivulini siku kadhaa, mpaka utomvu ukakauka pale yalipokatwa. Veneranda alimfunga Kasimiri mgongoni ili asiyafikie. Mvua ilipolainisha ardhi, walipanda, shubiri moja kati ya tawi na tawi. Waliacha mwanya mdogo karibu na barabara, kama Josepha alivyotaka. Mabua wakayafunga juu ya fito, hatua chache kutoka kwenye minyaa. Pembe ya kuogea wakaijengea ukuta wa udongo, wakaufunika kwa nyasi.

Josepha alichungulia mlangoni Sylvester alipokwenda shambani. Aliyatambua matawi. Alifungua vyombo vyake, akavirudisha mahali pake. Veneranda alipomwona anatundika chungu ukutani, alijua mama yake hataondoka.

Minyaa haikuharakisha. Mwaka wa kwanza ilifika magotini, na mtu mmoja au wawili walimcheka Sylvester. Mbuzi waliinusa wakaiacha. Mchwa walijaribu mabua, wakashindwa kuyafikia. Moto wa nyasi ulipita kando ya kijiji wakati wa kiangazi, ukala ua wa jirani mmoja uliokuwa wa mabua matupu. Minyaa ilibabuka pembeni, ikachipua tena. Mvua zilizofuata zikaikuza mpaka ikampita Sylvester kimo. Siku hiyo aliyaondoa mabua, akayatumia kufunika kibanda cha kuku.

Sasa Josepha alipika nje. Macho yake yaliacha kuwa mekundu. Alikula pale alipotaka na wakati alipotaka. Majirani wengine wenye viwanja vya aina hiyo walikuja kuomba matawi, na Sylvester aliwapa, akiwaambia kwanza habari ya kitambaa na sabuni.

Asubuhi moja alitoka kunawa uso. Siku hizi hakusikiliza tena nyuma ya mlango. Alisikia ufagio upande wa pili, akaendelea kunawa. Ufagio ukanyamaza.

"Mwangaluka, baba," sauti ilimwamkia kwa Kinyamwezi nyuma ya minyaa.

Sylvester alibaki na maji mikononi. Miaka yote tangu amwoe Veneranda, hakuwahi kusemeshwa na mkwe wake. Kumbe nyuma ya ua inawezekana. Kwa kuwa hawakuonana, waliweza kusemezana.

"Mwangaluka, mayu," alijibu. Alifurahi, na hakuona haya.

"Umeamkaje?"

"Salama, mayu. Na wewe?"

"Mimi mzima. Nina neno moja," Josepha alisema. "Tawi la upande wako limeinamia mwanya anaopita mtoto. Likate leo. Ila jifunge kitambaa kwanza. Nasikia wewe ni mtu wa haraka."

Sylvester akacheka, naye Josepha akasikika akicheka upande wake. Kisha Sylvester akaingia ndani kutafuta kitambaa.