Jirani wa Mama Darasani

Mkutubi aliingiwa na shaka siku mama yake mzazi aliposoma aya nzima bila kukwama. Herufi zilikuwa zimempiga chenga mama huyo maisha yake yote. Juzi tu neno "mlango" lilimtoa jasho.

Wanakisomo, watu wazima wanaojifunza kusoma, walikutana kila jioni kwenye meza ndefu ya maktaba na kusoma kitabu kimoja kwa zamu. Ukikwama, jirani yako anakunong'oneza. Mama alikaa kati ya fundi cherehani na kiti kitupu, na fundi mwenyewe alikuwa hoi katika kusoma.

"Mama, nani anakusaidia?" mkutubi aliuliza kwa sauti ya chini wenzao walipoondoka.

"Jirani yangu, nani tena?"

"Fundi?"

"Fundi atajulia wapi? Huyu wa huku." Akakitazama kiti kitupu kwa adabu. "Pumzi yake ni ya baridi, lakini ana subira kukushinda wewe, mwanangu. Amesema atakayesoma neno la mwisho la kitabu ataondoka naye. Na kesho zamu ya mwisho ni yangu."

Mkutubi alikishika kile kiti. Kilikuwa na unyevu, kikinuka udongo mbichi. Akakifungia stoo, akatia ufunguo mfukoni. Kesho yake alikikuta mezani.

Angemwambiaje mama aache, mtu aliyengoja tangu utoto wake kusoma kitabu hadi mwisho? Basi yeye, aliyewagombeza watu kwa kukunja kurasa, akaichana karatasi ya mwisho kitabuni, akaitia mfukoni.

"Kimeishia hapa?" mama aliuliza zamu yake ilipokwisha.

"Hapo hapo, mama."

Darasa likapiga makofi. Mama alilia kwa furaha, na mkutubi nusura alie naye. Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango, akaitoa ile karatasi aichome, lakini jicho lake lisilowahi kuruka maandishi hata ya gazeti la kufungia sabuni likashika mstari wa kwanza, likateremka, midomo ikifuata kimya kimya kama ilivyozoea, mpaka akafika chini kabisa, kwenye nukta, ndipo akakumbuka anachosoma.

Nje, makofi yalikatika. Kiti kiliburuzwa sakafuni.

"Mwanangu," mama aliita taratibu, "jirani yangu ameinuka. Anakuja huko."